Maisha ya Anthony Comstock na Udhibiti wa Maandishi ya Ngono: Kutoka Posta hadi Intaneti

UTANGULIZI

Tarehe 8 Februari, 1996, Rais Bill Clinton wa Marekani alitia saini sheria ambayo sehemu yake mojawapo ilikusudiwa kuzuia mambo ya ngono yasiwafikie watoto kwa njia ya intaneti. Wengi waliijadili kama sheria ya enzi mpya. Hata hivyo, kipande kimoja cha sheria hiyo hakikutunga katazo jipya. Kiliongeza tu huduma za mawasiliano ya kompyuta katika vifungu vilivyokwisha kuwapo, ambavyo vilikataza kusafirisha maandishi machafu. Vifungu hivyo ni vya ukoo wa sheria ya mwaka 1873, na ukoo huo mzima hutajwa kwa jina la mtu mmoja, Anthony Comstock.

Comstock hakuwa mbunge, hakimu wala mwanasheria. Alikuwa karani wa duka la vitambaa. Pamoja na hayo, kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini alikuwa na uwezo mkubwa wa kuamua ni maneno gani kuhusu mwili wa binadamu yangeweza kupita kutoka mji mmoja wa Marekani hadi mwingine. Makala hii inaeleza maisha yake ili kuonyesha asili ya uwezo huo. Hoja inayojengwa ni kwamba uwezo huo haukutokana na ukali wa maadili yake peke yake, kwa kuwa wenye maadili makali walikuwa wengi katika zama zake. Ulitokana na mambo matatu yaliyoungana: kushika njia ambamo maneno hupita, kumfanya msomaji dhaifu kuliko wote kuwa kipimo cha wasomaji wote, na kuliacha neno uchafu bila fasili. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyoibuka tena mbele ya mahakama wakati wa intaneti.

UTOTO NA UJANA

Comstock alizaliwa tarehe 7 Machi, 1844, katika mji mdogo wa New Canaan, jimbo la Connecticut, katika jamaa ya wakulima Waprotestanti walioshika mapokeo ya Wapuritani. Mama yake, ambaye ndiye aliyemlea katika masimulizi ya Biblia, alifariki Anthony akiwa na umri wa miaka kama kumi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto, kaka yake Samuel alijeruhiwa katika mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, akafa. Anthony akajiunga na kikosi cha 17 cha Connecticut, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa Florida, mbali na mapigano makubwa.

Maisha ya kambini yalimdhihirishia mwelekeo wake. Alichukizwa na matusi, tumbaku na ulevi wa wenzake. Alipopewa mgao wake wa pombe, hakuwaachia wenzake waunywe, bali aliumwaga chini mbele yao, jambo lililomletea uadui. Tukio hilo, ingawa ni dogo, linaeleza mengi. Kujizuia mwenyewe hakukumtosha. Aliona kuwa ni wajibu wake kuhakikisha kwamba hata mwingine hapati.

Baada ya vita alihamia New York, akafanya kazi za ukarani katika biashara ya vitambaa. Mji huo ulikuwa na vijana wengi waliotoka mashambani, wakiishi katika nyumba za kupanga bila wazazi. Uchapaji ulikuwa umekuwa rahisi, picha za kamera zilikuwa zimeenea, na reli pamoja na posta viliweza kufikisha kijitabu cha senti chache popote nchini. Biashara ya vitabu na picha za ngono ilikuwa imestawi miongoni mwa askari wakati wa vita, kiasi kwamba mwaka 1865 Kongresi ilipitisha sheria ya kwanza ya kukataza vitu hivyo visitumwe kwa posta, ingawa haikuwa na meno. Mwaka 1868 Comstock aliamini kwamba rafiki yake mmoja aliharibiwa na vitabu vya namna hiyo. Alikwenda mwenyewe kwa muuzaji, akanunua kitabu, kisha akamleta polisi kumkamata. Tangu mwanzo huo utaratibu wake haukubadilika: kujifanya mteja, kupata ushahidi, na kushtaki.

Mwaka 1871 alimwoa Margaret Hamilton, aliyemzidi umri kwa miaka kumi hivi. Mtoto wao wa pekee wa kuzaa, Lillie, alikufa akiwa mchanga mwaka 1872, na baadaye wakamlea binti mwingine kama mtoto wao. Ni katika mwaka huo wa msiba ambapo kazi ya karani huyu iligeuka kuwa wito wa maisha.

SHERIA YA MWAKA 1873

Mwaka 1872 Comstock aliomba msaada kwa Chama cha Vijana wa Kikristo cha New York. Tajiri Morris Ketchum Jesup, mmoja wa viongozi wa chama hicho, alivutiwa na bidii yake, na kamati ikaundwa kumfadhili. Kamati hiyo ndiyo iliyozaa, mwaka 1873, Jumuiya ya New York ya Kukomesha Uovu, ambayo Comstock aliiongoza kama katibu hadi kufa kwake.

Kesi iliyolitangaza jina lake ilikuwa ya dada wawili, Victoria Woodhull na Tennessee Claflin. Mnamo Novemba 1872 gazeti lao lilichapisha habari kwamba mhubiri mashuhuri, Henry Ward Beecher, alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mke wa mtu. Comstock aliwafanya wakamatwe kwa kosa la kutuma uchafu kwa posta. Kesi hiyo ilianguka mwaka uliofuata, kwa kuwa sheria iliyotumika haikutaja magazeti. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Habari iliyoshtakiwa haikuwa picha ya uchi wala hadithi ya kusisimua ashiki. Ilikuwa tuhuma dhidi ya mtu mwenye hadhi. Neno uchafu lilikuwa limekwisha kuanza kutanuka.

Comstock hakungoja kesi hiyo iishe. Mapema mwaka 1873 alikwenda Washington akiwa na mkoba uliojaa sampuli za vitabu, picha na vifaa, akavionyesha kwa wabunge katika chumba cha Makamu wa Rais ndani ya jengo la Kongresi. Muswada ulipita katika siku za mwisho za kikao, baada ya mjadala mfupi sana, na Rais Ulysses Grant aliutia saini tarehe 3 Machi, 1873. Sheria hiyo ilikataza kutuma kwa posta kitabu, kijitabu, picha, gazeti au kitu chochote kichafu. Pamoja na hayo ilikataza vizuia mimba, dawa na vyombo vya kutoa mimba, hata tangazo au maelezo ya mahali pa kuvipata. Adhabu ilifika faini ya dola 5,000 au kifungo cha miaka kumi na kazi ngumu, au vyote viwili. Kwa hiyo picha ya kahaba, ushauri wa daktari na kitabu cha mwanafalsafa viliwekwa katika kapu moja.

Comstock mwenyewe aliteuliwa kuwa wakala maalumu wa Posta. Kwa miaka mingi hakupokea mshahara wa serikali. Alilipwa na Jumuiya yake. Raia aliyefadhiliwa na matajiri wa kundi moja la kidini akapewa mamlaka ya dola.

KUSHIKA LANGO

Katiba ya Marekani hulinda uhuru wa kusema na wa uchapishaji. Sheria ya 1873 iliukwepa ulinzi huo kwa kupita mlango wa nyuma: haikudai kumzuia mtu asiandike, bali ilidai tu kwamba chombo cha serikali kisitumiwe kumsafirishia. Mwaka 1878 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu matangazo ya bahati nasibu, iliikubali hoja hiyo. Iliamua kwamba barua zilizofungwa haziwezi kufunguliwa bila hati ya mahakama, lakini Kongresi ina haki ya kuamua ni vitu gani visipokelewe katika posta. Katika nchi kubwa kama Marekani, ambamo mwandishi hakuwa na njia nyingine rahisi ya kumfikia msomaji wa mbali, tofauti kati ya kuzuia maandishi na kuzuia usafirishaji wake ilikuwa tofauti ya jina tu.

Ulinzi wa barua zilizofungwa nao ulizungukwa. Comstock aliandika barua za mtego kwa majina ya uongo, mara nyingi akijifanya mwanamke mwenye shida au kijana mwenye hamu ya kujua. Aliyejibu, alijibu kwa hiari yake, na jibu lake likawa ushahidi. Mwaka 1895 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mbinu hiyo haikubatilisha mashtaka.

MSOMAJI DHAIFU KAMA KIPIMO

Sheria haikufasili uchafu. Fasili ilikuja kutoka Uingereza, katika kesi ya Hicklin ya mwaka 1868, ambamo jaji alisema kuwa maandishi ni machafu iwapo yana mwelekeo wa kumpotosha mtu ambaye akili yake ni nyepesi kupotoshwa na ambaye huenda yakamfikia. Kipimo hicho kiliingizwa katika sheria za Marekani mwaka 1879, katika kesi ya D. M. Bennett. Ni kipimo hicho hicho kilichotawala fikra za wanasheria wa Uingereza walipozitungia koloni zao za Afrika Mashariki sheria za jinai zenye vifungu dhidi ya biashara ya maandishi machafu. Kwa hiyo wasomaji wa Kiswahili si wageni wa historia hii.

Mantiki ya Hicklin ni ile ya samaki mmoja akioza. Kifungu kimoja kikionekana kibaya, kitabu chote kimeoza. Msomaji mmoja akiweza kupotoka, wasomaji wote wanyimwe. Lengo la mwandishi halikuulizwa, wala thamani ya kazi yake.

Bennett alikuwa mhariri wa gazeti la wapinga dini. Kosa lake lilikuwa kuuza Cupid's Yokes, kijitabu cha Ezra Heywood kilichotoka mwaka 1876, ambacho kiliikosoa taasisi ya ndoa kwa hoja za kifalsafa. Heywood mwenyewe alihukumiwa mwaka 1878, lakini Rais Rutherford Hayes akamsamehe kabla ya mwaka kwisha. Bennett, aliyeuza kijitabu hicho hicho, aliombewa msamaha na watu wengi mno kwa kutia saini zao. Hakuupata, akatumikia kifungo cha miezi kumi na mitatu. Kwa kijitabu kimoja, mwandishi alisamehewa na muuzaji akafungwa. Hiyo ndiyo hatari ya sheria isiyo na fasili: raia hawezi kujua kosa lake ni nini mpaka ahukumiwe.

Giza hilo lilizidi pale ambapo hati za mashtaka ziliruhusiwa kutoyanukuu maneno yaliyoshtakiwa, kwa madai kwamba yangelichafua jalada la mahakama. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilikubali utaratibu huo. Mtu aliweza kufungwa kwa sababu ya maneno ambayo kumbukumbu za kesi yake hazikuyataja.

WALIOUMIA

Idadi za Comstock zilikuwa fahari yake. Mwishoni mwa maisha yake alidai kwamba waliotiwa hatiani kwa juhudi zake wangejaza gari moshi la mabehewa zaidi ya sitini, na kwamba alikuwa ameteketeza tani 160 za maandishi machafu. Lakini idadi hizo hazionyeshi ni watu wa namna gani waliokuwamo katika mabehewa hayo.

Mwaka 1878 alimwendea Ann Lohman, aliyejulikana kama Madame Restell, mtoaji mimba maarufu wa New York, akijifanya mume anayehitaji msaada, kisha akamkamata. Siku ambayo kesi ilipaswa kusikilizwa, tarehe 1 Aprili, mwanamke huyo alikutwa amejiua. Daktari Edward Bliss Foote alitozwa faini mwaka 1876 kwa kueleza njia za kuzuia mimba, na matoleo ya baadaye ya kitabu chake cha afya yakaondolewa maelezo hayo. Ukimya wa namna hii, ambao mwandishi hujiwekea mwenyewe kwa kuogopa, hauhesabiwi kwa tani wala kwa mabehewa.

Mfano mzito zaidi ni wa Ida Craddock. Mwanamke huyu aliandika vijitabu vya kuwafundisha wanandoa, hasa waliooana karibuni, namna ya kutendeana kwa upole na ridhaa. Hakutetea uzinzi, aliandika kuhusu ndoa. Baada ya kufungwa miezi mitatu chini ya sheria ya jimbo la New York, alishtakiwa tena mwaka 1902 chini ya sheria ya shirikisho. Hakimu alijitwalia mwenyewe uamuzi juu ya uchafu wa kijitabu, akaliachia jopo la raia swali moja tu, iwapo kilitumwa kwa posta. Tarehe 16 Oktoba, 1902, siku moja kabla ya kusomewa hukumu, Craddock alijiua, akiacha barua kwa umma iliyomlaumu Comstock. Katika jamii ambamo binti aliolewa bila kuelezwa lolote, aliyejaribu kueleza aliwekwa daraja moja na mfanyabiashara wa picha za ukahaba.

HOJA YA COMSTOCK

Haitakuwa haki kumsawiri Comstock kama mnafiki au mwendawazimu. Hakutajirika kwa kazi yake. Mwaka 1874 muuzaji wa vitabu aliyekuwa amemkamata alimchoma kisu usoni, naye akafuga ndevu za mashavuni zilizolifunika kovu. Alipambana pia na matapeli wa bahati nasibu na wauzaji wa dawa za uongo, na katika mapambano hayo alisaidia watu wengi wasio na uwezo. Katika kitabu chake Traps for the Young, kilichotoka mwaka 1883, alieleza hofu ambayo mzazi wa zama zozote anaielewa: kwamba kuna watu wanaopata faida kwa kuwatafuta watoto na kuwauzia yasiyowafaa, na kwamba mzazi hawezi kulilinda kila dirisha la nyumba yake.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kosa lilikuwa katika dawa aliyoichagua. Kwa kuwa hakuona namna ya kumtenga mtoto na mtu mzima mbele ya sanduku la posta, aliamua kumfanya kila mtu mzima kuwa mtoto.

KUZEEKA NA KUFA

Karne ya ishirini ilipoanza, watu walianza kumcheka. Mwaka 1905 George Bernard Shaw, ambaye tamthilia yake Mrs. Warren's Profession ilizua rabsha New York mwaka huo huo, alilieneza neno lililotokana na jina la Comstock, la kudhihaki udhibiti wa kishamba, ambalo kwa Kiswahili lingeweza kuitwa Ukomstoki. Mwaka 1906 Comstock alivamia chama cha wanafunzi wa sanaa kwa sababu jarida lao lilikuwa na michoro ya uchi. Mwaka 1913 alidai mchoro wa Mfaransa Paul Chabas, uitwao September Morn, uondolewe katika dirisha la duka. Amri hiyo ikawa tangazo, na nakala zake zikanunuliwa kila mahali.

Wakati huo huo upinzani wa kisheria ulikuwa ukijipanga. Jumuiya ya Uhuru wa Kusema iliundwa mwaka 1902, na mmoja wa viongozi wake, Theodore Schroeder, alieleza kwa kirefu kwamba uchafu hauna fasili inayoweza kupimwa mahakamani. Mwaka 1914 muuguzi Margaret Sanger alishtakiwa kwa sababu ya gazeti lake, akakimbilia Ulaya. Mwanzoni mwa 1915 Comstock alimkamata mumewe, William, aliyekuwa amempa mgeni kijitabu cha mkewe kuhusu uzazi wa majira; mgeni huyo alikuwa mtego. Tarehe 10 Septemba, 1915, William Sanger alikataa kulipa faini, akachagua kifungo cha siku thelathini. Comstock alikuwapo mahakamani. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 21 Septemba, alifariki nyumbani kwake Summit, New Jersey, akiwa na umri wa miaka 71.

BAADA YA COMSTOCK

Kipimo cha Hicklin kilimomonyoka polepole. Mwaka 1933 hakimu wa New York aliruhusu riwaya ya James Joyce, Ulysses, akiisoma kama kazi nzima. Mwaka 1957, katika kesi ya Roth, Mahakama ya Juu iliiacha sheria ya 1873 isimame, lakini ikakikataa kipimo cha msomaji dhaifu. Badala yake maandishi yapimwe kwa ujumla wake na kwa mtu wa kawaida. Mwaka 1971 Kongresi iliondoa vizuia mimba katika orodha ya marufuku.

Hatimaye ikaja sheria ya 1996. Ilikataza kumpelekea mtoto, kwa kompyuta, mambo yasiyo na staha, neno ambalo nalo halikufasiliwa. Aidha, kwa kuunganishwa na vifungu vya zamani, iligusa hata habari za utoaji mimba, ingawa serikali ilieleza kwamba haitaitekeleza sehemu hiyo. Tarehe 26 Juni, 1997, katika kesi ya Reno, Mahakama ya Juu ilibatilisha makatazo ya mambo yasiyo na staha. Ilikubali kwamba kumlinda mtoto ni jambo zito, lakini ikaona kuwa maneno ya sheria hayakuwa bayana, na kwamba kwa kumlinda mtoto yangewanyamazisha watu wazima katika mambo wanayoruhusiwa kuambiana, yakiwamo ya afya na sanaa. Katazo la maandishi machafu kwa maana finyu ya sheria lilibaki.

Sheria ya 1873 nayo haikufutwa. Mwaka 2022, baada ya Mahakama ya Juu kuondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba, vifungu vilivyolala kwa miongo mingi viliibuliwa upya katika mabishano kuhusu dawa zinazotumwa kwa posta.

HITIMISHO

Maisha ya Comstock yanaonyesha kwamba swali la udhibiti wa ngono katika vyombo vya mawasiliano halianzi na chombo. Posta ya 1873 ilikuwa na sifa zilizowatia watu hofu juu ya intaneti: ilikuwa rahisi, ilificha sura ya mtumaji, na ilifika chumbani mwa mtoto bila kupita kwa mzazi. Kwa hiyo mtafiti anayeichunguza sheria yoyote ya namna hii, popote ilipotungwa, ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuuliza kama maudhui yaliyokatazwa ni mabaya. Ni nani aliyeshika lango, na anawajibika kwa nani? Ni msomaji gani aliyefanywa kipimo? Na je, neno linalokatazwa limefasiliwa kiasi cha mwandishi kuweza kujua mpaka wake kabla ya kuuvuka? Ida Craddock hakuwa na jibu la swali hata moja kati ya hayo, na Comstock, ambaye aliamini kwa moyo wote kwamba anaokoa watoto, hakuwahi kulazimishwa kuyajibu.